Kikaratasi cha Jumatatu

Mwalimu mkuu wa sasa wa ile shule alinitembelea majuzi, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, simu mkononi, furaha imemjaa usoni. Amefungua blogu. Alinieleza blogu ni kitu gani, polepole, neno moja moja, utadhani mimi nilizaliwa enzi za kuwasha moto kwa vijiti. Nikamwacha aeleze mpaka mwisho kwa sababu chai yake ilikuwa bado ya moto, na mimi si mtu wa kumkatiza mgeni anayekunywa. Wazazi wataona mambo yote humo, alisema: siku ya kufungua, matokeo ya mtihani, picha za watoto wakikimbia. Na chini kabisa, akasogeza kidole, kuna mahali pa mzazi kuandika maoni yake.

Hapo nikaweka kikombe mezani. Nikamwuliza wamemwandikia wangapi. Akasema bado, hata mmoja, pengine ni mtandao, kule kilimani mtandao unasumbua. Nilitaka kumwambia si mtandao, ni yeye, hajawauliza jambo wanalotamani kujibu. Lakini ulimi wangu umeniponza mara nyingi maishani, nikauzuia. Alipoondoka nilikaa pale pale mpaka mvua ya saa tisa ikaja, nikamkumbuka mzee mmoja aliyekuwa akinijibu kila Jumatatu, nikalia kidogo. Sioni haya kusema.

Shule yenyewe iko kwenye kilima upande wa Nyamira, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Keroka. Keroka ni mji wa watu wajanja, nusu yake Kisii, nusu Nyamira, na mtu akiulizwa anatoka wapi hutazama kwanza ni nani anayeuliza. Ukishauacha mji ni chai na migomba tu, chai na migomba, mpaka unafika kanisa la Wasabato, na shule iko nyuma ya kanisa. Kwetu mimi ni mbali na hapo, upande wa Ogembo. Nilifika kilimani pale nikiwa mke kabla ya kufika nikiwa mwalimu.

Mume wangu alikwenda Amerika kusoma miezi minne baada ya kunioa. Kilima kizima kilimsindikiza, wazee waliomba, wanawake waliimba, na mimi nikasimama na kitambaa kipya kichwani nikiona fahari. Alisema miaka mitatu. Mwaka wa kwanza nilipata barua kila mwezi, zile karatasi za buluu nyepesi zinazokunjwa zikawa bahasha zenyewe. Mwaka wa pili nilipata mbili. Mwaka wa tatu hakuna. Nilipopandishwa cheo na kufanywa mwalimu mkuu, katikati ya miaka ya tisini, ulikuwa mwaka wa tano, sina mtoto, sina barua, nina nyumba ya mabati yenye kitanda kikubwa na upande mmoja wake haujalaliwa. Watu husema subira huvuta heri. Yangu ilikuwa imeshavuta mpaka kamba ikaanza kukatika.

Nilitaka jambo moja tu, kujua kama anarudi. Akija, nitampokea na kumgombeza. Asipokuja, nitajua pa kuelekea. Nisichoweza ni kule kuamka kila asubuhi nikisikiliza kama mbwa wa baba mkwe wangu huko chini anabweka kwa furaha au kwa hasira.

Na mtu wa kumwuliza alikuwapo, hatua mia mbili chini ya nyumba yangu. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa, na ufunguo wa sanduku la posta la kanisa, kule Keroka, ulikuwa shingoni mwake kwenye uzi. Kama mwanawe aliandika chochote, kilipitia kwake. Lakini huyo ndiye mtu nisiyeweza kumwuliza. Kwetu Wagusii kuna kitu kinaitwa ensoni, heshima na haya kwa pamoja, na haiko kali popote kama kati ya baba mkwe na mke wa mwana. Hamshikani mikono. Hamkai chumba kimoja. Yeye haingii nyumbani kwako hata nyumba ikiungua, na mambo ya ndoa hayatamkwi kati yenu, hata kwa fumbo. Mama mkwe ndiye huwa njia ya maneno. Mama mkwe wangu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla sijaolewa, kwa hiyo njia haikuwapo.

Tulizungumza kwa kupitia mbwa. Mzee akipita kando ya ua wangu wa michongoma alisimama, akakohoa, akamwambia mbwa wake kwa sauti ya kusikika: "Sijui kama huko juu wana chumvi." Nami nikiwa ndani namwambia sufuria: "Chumvi ipo." Mbwa na sufuria walijuana sana, sisi hatukujuana hata kidogo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yangu ilikuwa hiyo.

Sasa, ile barua ya kila wiki kwa wazazi, aliyokuja kuijibu kila Jumatatu, sikuianzisha kwa ajili yake. Niliianzisha kwa hasira. Muhula wangu wa kwanza nilipita darasani kuwaangalia watoto kucha, nikasema wiki ijayo nitaangalia na masikio. Kufikia jioni habari zilikuwa zimefika kituo cha kuuzia chai kwamba mwalimu mkuu mpya ataleta watu wa kudunga watoto sindano masikioni. Asubuhi shule ilikuwa na watoto kumi na wanane. Nikaita mkutano, wakaja wazazi watatu, mmoja wao alikuwa amepotea njia ya kwenda kanisani. Nikasema haya, kama hamtaki kuja kusikia, nitawaletea maneno mpaka jikoni.

Kila Jumatano nilikaa na taipureta ya shule nikachapa ukurasa mmoja kwenye stensili, ile karatasi ya nta ambayo ukikosea herufi unaipaka dawa nyekundu na kungoja ikauke. Alhamisi baada ya masomo nilikwenda Kisii mjini kwa mzee mmoja Mhindi aliyekuwa na duka la vitabu na madaftari, na nyuma ya duka, chini ya picha ya mungu wake mwenye shada la maua, mashine ya kudurufu. Alizungusha mkono wa mashine mwenyewe, hakumwachia mtu. Karatasi zilitoka zikinuka wino, naye alisoma ya kwanza kila mara, kama mpishi anayeonja. Ijumaa mchana kila mtoto alipewa nakala moja apeleke nyumbani kabla ya Sabato kuingia.

Juu kabisa iliandikwa "Barua kwa Wazazi," kisha habari, kisha mistari ya nukta ya kukata, na chini ya nukta mistari mitatu: maoni ya mzazi, na sahihi au dole gumba. Kikaratasi hicho kilirudi Jumatatu, kikatiwa ndani ya boksi ofisini kwangu. Wengi hawakusoma Kiswahili, lakini hilo halikuwa shida, kwa sababu Ijumaa alasiri watu walikaa kituoni wakingoja lori la chai, na karani wa kupima aliisoma barua yangu kwa sauti akiitafsiri kwa Ekegusii na kutia pilipili zake mwenyewe. Niliwahi kupita nikasikia nimesema mambo ambayo sikuyasema, na yalikuwa mazuri kuliko yangu.

Wiki ya tatu kulitokea ugomvi. Mzazi mmoja alilalamika kwenye kikaratasi kuhusu mbuzi wa jirani, mwanawe akasoma njiani, akamsomea mtoto wa jirani, na kabla ya saa nne watoto wawili walikuwa chini wanagaragazana kwa ajili ya mbuzi ambaye hata hakuwapo. Nikapiga kengele, nikawasimamisha wote uwanjani, nikatoa sheria. Maneno ya mzazi ni ya mzazi. Kikaratasi kinakunjwa mara nne, kinaletwa kimekunjwa, na mtoto atakayekisoma atanijua mimi ni nani. Walikuwa wameshaanza kunijua. Tangu siku hiyo hakuna aliyesoma.

Baba mkwe wangu naye alikuwa mzazi wa shule yangu. Alimlea mjukuu wake, mtoto wa binti yake, msichana wa darasa la saba, kwa hiyo nakala moja ilishuka kwake kila Ijumaa kama kwa wengine. Kikaratasi chake cha kwanza bado nakikumbuka neno kwa neno, kwa mwandiko wa wima wa watu waliofundishwa na wamisionari: "Kengele ya shule iko mbele dakika sita. Rekebisha saa." Basi. Wiki iliyofuata: "Umeandika watoto walete maharagwe. Maharagwe gani? Kuna ya kupanda na kuna ya kula." Nilicheka peke yangu ofisini. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa nyumba ile kuniuliza swali bila kumtazama mbwa.

Nikajibu kwenye barua ya Ijumaa: "Mzazi mmoja ameuliza kuhusu maharagwe. Ni ya kula." Jumatatu akaandika: "Vizuri. Mlango wa choo cha wavulana umeanguka." Nikautengeneza, nikatangaza. Taratibu, sijui ni nani kati yetu aliyeanza, mambo ya shule yakaanza kubeba mambo mengine mgongoni. Siku moja aliandika: "Je, walimu wanakula? Kuna jikoni moja haitoi moshi jioni." Jikoni hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimechoka kupikia mtu mmoja, nakunywa chai na ndizi nalala. Nikachapa mbele ya kilima kizima: "Mzazi ameuliza afya ya walimu. Walimu wanashukuru na watapika." Jioni hiyo nilipika mboga za chinsaga na ugali wa wimbi, nikaacha mlango wazi moshi utoke vizuri aone.

Mvua za mwezi wa nne zilipokuja nilimsikia akikohoa kule chini. Nikaandika: "Shule inamshauri mzazi anayekohoa avae sweta anapokwenda kukamua." Karani akaisoma kituoni, na wanaume watano walidai ni wao, mmoja akaenda kununua sweta kweli. Lakini yule niliyemtaka alipita kando ya ua wangu asubuhi akiwa amevaa lake, la kahawia, na hakukohoa wala hakumwambia mbwa neno. Alisimama kidogo tu, akaendelea.

Nilikuwa nimepata baba. Nalisema hivyo bila kupamba, maana wangu alifariki nikiwa mdogo. Lakini kadiri nilivyompenda ndivyo lile swali lilivyozidi kunichoma, kwa sababu sasa tulikuwa na njia ya maneno, na neno moja tu halikuweza kupita juu yake.

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, nilikutana naye njiani akitoka Keroka. Alikuwa na Biblia kwapani na ncha ya karatasi ya buluu ilichomoza humo. Mzee ambaye hajawahi kumkwepa mtu alikata kona, akashuka katikati ya chai ya watu, akazunguka na njia ya mtoni. Nikakaa juu ya jiwe. Buluu ile naijua. Nikajiambia ataniambia Jumatatu. Jumatatu kikaratasi kilisema: "Nimesoma." Jumatatu iliyofuata: "Nimesoma." Mwezi wa tatu wote, "Nimesoma, nimesoma." Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikuwa nausikia mshindo huo kila nikiingia kitandani.

Ndipo nilipofanya kosa langu. Jumatano moja ya mwezi wa nne nilimaliza habari za ada ya mtihani na usafi wa kisima, nikabaki na nafasi ya mistari minne. Vidole vikaandika kabla kichwa hakijaruhusu: "Mwisho, kama kuna mzazi mwenye habari za mtu aliye mbali, asizifiche. Anayengoja ana haki ya kujua hata kama habari ni mbaya. Tafadhali andika hapa chini." Sikuipaka dawa nyekundu.

Yule mzee wa duka alizungusha mashine mara moja, akatoa ya kwanza, akaisoma, akanitazama juu ya miwani.

"Mama mwalimu," akasema, "hii barua ya mtu mmoja. Kwa nini unachapa mia tatu?"

Nikamwambia azungushe tu. Akazungusha, lakini siku hiyo hakunifungia mzigo kwa kamba kama kawaida, alinipa mkononi kwa mikono miwili.

Ijumaa karani aliisoma kituoni. Niliambiwa baadaye kwamba alipofika mistari ile hakutia pilipili. Lori lilipokuja watu walipakia chai bila kelele. Kila mmoja aliichukua kuwa yake. Jumatatu ofisi yangu ilijaa vikaratasi kuliko siku yoyote, na hakuna kimoja kilichozungumzia kisima. Mwanamke aliandikisha kwamba mwanawe alikwenda Mombasa akiwa na miaka kumi na tisa na sasa angekuwa na thelathini. Mwingine, mumewe alikwenda kuchuna chai Kericho akaacha hata koti lake, na koti bado liko msumarini. Baba mmoja aliuliza kama shule inaweza kumwandikia binti yake aliyeolewa mbali na kumwambia kwamba hasira imekwisha. Waliojua kuandika waliandika mpaka nyuma ya karatasi, na wasiojua waliweka dole gumba peke yake katikati ya nafasi tupu. Nilisoma vyote, nikajiona mtu mdogo sana. Nilifikiri mimi ndiye ninayengoja kilimani pale.

Chake hakikuwapo. Nilivihesabu mara mbili. Jumatatu ya pili hakikuwapo, ya tatu hakikuwapo, na asubuhi hakupita tena kando ya ua. Msichana wake alikuja shuleni kama kawaida, akiangalia chini, na mimi sikuweza kumwuliza kitu, kwa maana hiyo ingekuwa kumfanya mtoto mbeba siri, jambo nililolipiga marufuku mwenyewe.

Jumatatu ya nne kilikuja. Kilikuwa kimekunjwa mara nne na maandishi yalikuwa madogo ili yaenee. Kilisema hivi:

"Mwalimu. Barua ilikuja mwezi wa pili. Ameoa huko na wana mtoto. Harudi. Nilikaa nayo kwa sababu ya ensoni. Hapana, huo si ukweli wote. Nilijua ukisikia utaenda, na Ijumaa hakutakuwa na barua. Mama yao hayuko. Hakuna mwingine ananiambia kitu, hata kama ni habari ya choo. Zile ng'ombe zilienda kwenu hazitarudi, nimeongea na ndugu zangu. Wewe bado kijana. Saa ya shule bado iko mbele dakika sita."

Ambaye si wa kwetu pengine hataelewa zile ng'ombe. Mwanamke akiacha ndoa, ng'ombe za mahari hudaiwa kwao, na kaka zangu hawakuwa nazo tena. Mzee alikuwa amekwenda kuketi na ndugu zake, akaaibika mbele yao kwa ajili ya mwanawe, akanifungulia kamba mguuni. Hizo wiki tatu za kimya ndizo alizozitumia kwa kazi hiyo. Leo naliona hilo waziwazi.

Siku ile sikuliona. Hasira ndiyo iliyotangulia, na yangu ni kama maziwa, nikigeuka kidogo tu imemwagika. Miezi mitatu alijua. Miezi mitatu nilipika, nikatoa moshi, nikamshauri avae sweta, naye akakaa na maisha yangu ndani ya Biblia yake. Nilifunga mlango wa ofisi, nikalia kwa ajili ya mume wangu mpaka machozi yakaisha, kisha nikachukua fomu ya uhamisho nikaijaza kabla mkono haujapoa. Sababu: ya kifamilia. Mahali ninapoomba: upande wa Ogembo. Nikaituma kesho yake.

Barua zangu za Ijumaa zikawa za mawe. Mtihani tarehe hii, likizo tarehe hii, wazazi wakate nyasi. Hakuna "mzazi mmoja ameuliza." Yeye aliendelea kujibu, kila Jumatatu, kama mtu anayebisha mlango taratibu. "Mahindi yetu yameingia wadudu, ya shule je?" "Karani ana mafua, amesoma vibaya." "Naona moshi, nashukuru." Sikumjibu hata kimoja, wiki sita. Wiki ya saba nilichoka kuwa na hasira. Ile ya mume wangu ilibaki, lakini ya mzee iliisha yenyewe, nikaamka asubuhi nikaitafuta nikaikosa. Nilichapa: "Mzazi ameuliza kuhusu mahindi ya shule. Nayo yana wadudu. Tunaweka majivu." Jumatatu akaandika neno moja: "Asante."

Tulikuwa na Ijumaa tano nzuri baada ya hapo. Niliacha kusikiliza mbwa asubuhi. Nililala katikati ya kitanda. Nilianza kufikiri kwamba naweza kukaa pale kilimani kama binti wa nyumba, si kama mke wa mtu asiyekuwapo, na hakuna atakayeniuliza. Halafu, siku ya Alhamisi, ofisi ya elimu ikaniletea jibu la fomu niliyokuwa nimeisahau. Uhamisho umekubaliwa. Ripoti Jumatatu. Barua za namna hiyo hazirudishwi, na maji yakimwagika hayazoleki.

Nilichapa stensili mpya ofisini nikiwa nimesimama, nikakimbia nayo Kisii. Yule mzee wa duka alisoma ya kwanza, na alipomaliza alikataa kunitoza. Barua ilikuwa fupi. Niliwashukuru wazazi. Niliwaomba wamwamini atakayekuja, hata akiangalia masikio ya watoto. Kisha nikaandika: "Mwalimu mkuu anauliza swali la mwisho. Je, mtu akiondoka nyumbani, mnaendelea kumhesabu kuwa wenu?" Na chini ya mistari ya kukata sikuweka mistari mitatu. Niliweka kumi.

Jumapili nilipakia kitanda, sufuria na vitabu vyangu kwenye pikapu. Mzee alisimama kule chini kando ya zizi, mbwa miguuni, amevaa sweta la kahawia na jua lilikuwa kali. Nilisimama upande wangu wa ua. Hakukohoa, hakumwambia mbwa kitu. Nami sikuwa na sufuria ya kuiambia, ilikuwa imeshafungwa. Akainua kofia, akaishika juu mpaka gari lilipopita kona ya kanisa.

Vikaratasi vya Jumatatu vililetwa shuleni mimi nikiwa tayari Ogembo, nasomewa majina ya walimu wapya. Nilimwandikia mwenzangu aliyechukua nafasi yangu anitumie. Hakujibu. Likizo ilipofika nilikwenda mwenyewe, akaniambia kwa adabu kabisa kwamba aliona makaratasi mengi ndani ya boksi, akafikiri ni taka, wakawashia moto wa chai ya walimu. Nilipanga kushuka kwa mzee siku hiyo, nikafika mpaka ua, ensoni ikanishika miguu. Ningemwambia nini, na kwa mdomo gani? Nikageuka nikijiambia nitaandika. Mwaka haukuisha nikapata habari kwamba amezikwa, na nilipata habari hizo wiki mbili baada ya mazishi, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba mimi ni wa kuambiwa.

Mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa Daraja Mbili, kule Kisii mjini, siku ya soko, nikipekua rundo la mitumba, na sauti ikaniita mwalimu. Alikuwa yule msichana wa darasa la saba, sasa mwanamke, kibanda chake mwenyewe, kanga kiunoni, ananitazama machoni bila woga. Tuliulizana habari. Akaniambia babu alinisema sana. Nikamwambia kwamba nilisikitika kwa vile hakunijibu ile barua ya mwisho.

"Alijibu, mwalimu," akasema. "Aliandika Jumamosi nzima, na ilikuwa Sabato, nikashangaa. Alijaza mistari yote, akageuza akajaza nyuma. Nilileta mwenyewe Jumatatu. Niliweka ndani ya boksi."

Nikamshika mkono juu ya zile nguo. Nikamwuliza aliandika nini.

Akanitazama kwa mshangao, kama mtoto aliyeulizwa swali ambalo jibu lake amelikariri miaka mingi.

"Sijui," akasema. "Nilikikunja mara nne. Ulituambia hakisomwi."

Nilisimama pale mpaka mteja mwingine akaniomba nisogee. Halafu nikachagua sweta moja kwenye rundo, la kahawia, la kiume, nikamlipa bila kupatana bei, nikaondoka nalo.